Madoa ya Jumamosi

Mgahawa wa Orla hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri
na leo, Jumapili, kiti hakuna.
Tumefungwa ishirini na nne kwa ishirini na moja
na Chuo cha Tennick, watu wa ng'ambo ya mto,
mwaka wa sita mfululizo,
na kahawa ina ladha ya masizi.

Haskell, muuza nyama, anasema ni kocha.
"Yadi moja! Umebakiza yadi moja tu,
hatua ya mtoto anayejifunza kusimama,
halafu unarusha mpira hewani kama unafukuza kunguru?"
Anapanga vichupa vya chumvi, hao walinzi,
bakuli la sukari ndiye mkimbiaji,
anaonyesha pengo lilipokuwa, kati ya haradali na pilipili,
pana, lori la ng'ombe lingepita.

Lonnie hataki kusikia. Kwake ni refa.
Kile kitambaa cha manjano kilianguka kabla ya kosa,
na shemeji wa refa yule ana duka la matairi Tennick.
Nani kamwambia? Watu.
Watu gani? Watu tu.

Mchungaji Dahlgren anaulaumu upepo, kwa sauti ya chini,
kwa kuwa upepo una mwenyewe.

Lakini wakishapiga kona zote wanarudi kwa yule mtoto,
namba tatu, Emmett Sobczak, mpigaji,
aliyeikosa nguzo kwa upana wa kiganja
sekunde nne zikiwa zimebaki.
Wanamtaja kama jino bovu:
ulimi haukai mbali nalo.

Mimi nanywa chai yangu karibu na mlango. Sijaulizwa.
Ni Verna, nafua jezi za chuo, mwaka wa kumi na tisa huu,
na usiku kucha nilikuwa chini ya uwanja
na mashine nne, na mchezo mzima vikapuni.

Nguo haina shemeji.
Ya namba tatu ilikuwa safi kama kitambaa cha madhabahu,
isipokuwa ukosi, mgumu kwa chumvi,
pale alipouvuta hadi machoni.
Ya sabini na moja, Amos, yule mnene wa kushoto,
kijani tangu shingoni hadi kiunoni, mgongo mzima.
Mara ngapi alilazwa chali? Sikuhesabu. Nilisugua.
Sitini na nne, hamsini na nane, kumi na mbili:
mgongo, mgongo, mgongo.
Magoti meupe.

Na chini kabisa ya kikapu, jezi isiyo yetu,
ya kahawia, ya Tennick. Iliingia kwa bahati mbaya,
au vijana walibadilishana
wakati wazee wakitukanana jukwaani.
Kiwiko kimechanika.
Kifua chote udongo, majani, chokaa ya mstari.
Mgongoni, hata unyasi mmoja.

Nilikaa nayo mapajani mashine zikizunguka.
Madoa yao yako mbele. Yetu yako nyuma.

Lyle wangu angekuwa hai, angekuwa meza ile,
akibishania mchezo wa mwaka tuliooana,
ambao hadi kitanda cha hospitali alidai tuliibiwa.
Nilimkubalia. Mtu mwenye mrija puani humpingi.

"Na wewe Verna," Haskell anageuka, "unasemaje?"
Mgahawa unanyamaza, hata kikaango.
Asiyekubali kushindwa, wanasema, si mshindani,
lakini nazitazama nyuso hizi, hazijanyolewa, hazijalala,
mikono iliyoshika vichupa vya chumvi kama vitu vya kuvunjika,
na mtoto wa Sobczak ana miaka kumi na tisa
na mama yake huja hapa kununua mkate.

"Upepo," nasema. "Ulikuwa mkali sana."
Mchungaji anatazama viatu vyake.

Nje bendera ya posta imelala kwenye mlingoti.
Jezi ya Tennick iko kiti cha mbele cha gari langu,
imekunjwa, inanukia sabuni,
kiwiko nimekishona kwa uzi nilio nao,
mwekundu, rangi yetu.
Kesho nitaivusha mto.