Wau

Wete, kidato cha nne, kitabu kimoja watu watano,
ukurasa wa tisini umeliwa na mende pembeni.
Mwalimu Shaame hakutaka tumalize sura.
Alitaka sentensi moja ya Kiingereza, fupi.
Tukaifasiri: nyumba iliuzwa.

"Nani kauza?"

Tukapekua mbele, tukapekua nyuma,
muuzaji hayumo.
Faki akasema labda mwandishi kasahau.
"Mwandishi hakusahau. Msimuliaji ndiye anayeficha,
na hao ni watu wawili."
Kengele ikalia, sisi bado kwenye mstari ule ule.
Niliudhika. Mtihani hauulizi haya.

Jioni, Mtambwe, vidole vinanukia,
tunachambua karafuu, makonyo huku, tembe kule,
ami Makame akatueleza, taratibu, kama anayesoma barua,
kwamba ile mikarafuu ya marehemu bibi
ilishagaiwa.

Ilishagaiwa.
Nikaiona wau, ndogo, katikati ya neno,
na mtu mzima kajibanza nyuma yake.

"Na nani, ami?"

Mama akakohoa.
Mikono yote ikasimama juu ya jamvi,
isipokuwa yangu, iliyokuwa ikitetemeka.