Ndoo ya Bi Ghaniya

Siku ya tatu ya Idi, Sib nzima inanukia shuwa.
Bi Ghaniya hatupi kitu: machicha ya nazi,
kokwa za tende, mashapo ya kahawa,
wali uliobaki sinia zima
kwa kuwa wageni wa Nizwa hawakuja.
Vyote ndani ya ndoo ya bluu, nyuma ya nyumba,
pale kiyoyozi kinapodondosha maji.

Jirani huziba pua: "Jaa limehamia kwetu?"
"Limehamia," hujibu, "na halilipi kodi."

Mwanawe Haitham ana jaa lake, kubwa,
nje ya Barka, mlima wa mabaki ya mji.
Wameutia mabomba tumboni,
naye husikiliza gesi kama daktari kifua.
Usiku hupiga simu:
"Mama, leo limepumua vizuri.
Taa mia mbili za barabara."
"Na wewe umekula?"

Julai. Nyuzi arubaini na saba.
Ndani ya ndoo pana udongo mweusi, mwepesi,
haunuki ila mvua,
mvua ambayo hapa hatujaiona tangu Machi.
Akaumwaga chini ya mlimau uliokata tamaa.

Jana mlimau umetoa jani.
Moja. Dogo, na vumbi limeshalikalia.
Bi Ghaniya alitoka nje na kanga ya kulalia,
akaliangalia kwa mwanga wa taa ya barabarani,
asijue kama ni taa ya Haitham au ya nani,
akauambia mti, kwa Kiswahili cha Mkunazini:
Kula, mwanangu. Wali wa wageni huo.