Jicho la Kushoto

Novemba, Azumino. Milima imeshajifunga kilemba cheupe,
na kwenye yadi ya Shunpei Momose
upepo unapekua bei zilizobandikwa viooni.
Magari mawili yamewekwa pua kwa pua, kama ndugu
waliogombania shamba wakapatanishwa jana.

La kwanza ni la mwaka tisini:
jekundu, dogo, taa zake zimelala ndani ya boneti
kama mtoto anayejifanya amesinzia.
La pili lina miaka kumi na minane tu,
rangi ya majivu, kifua kipana,
mifuko ya hewa, viti vya kupasha moto,
na uso usiokuambia lolote.

La kale lina bei kubwa kuliko jipya.
Nilimuuliza mara mbili. Shunpei akainama,
akasema, "Bi Kutsukake, siku hizi watu wanalipia kumbukumbu."

Mimi nimebeba barua miaka thelathini na sita,
pikipiki nyekundu, theluji hadi kwenye rimu,
bili, kadi za mwaka mpya, notisi za deni.
Najua uzito wa kumbukumbu. Huja na stempu,
na mara nyingi mwenyewe ameshahama.

Mwaka ule wa tisini nilisimama
nje ya duka la magari kule Matsumoto, helmeti mkononi,
nikihesabu mshahara kwa vidole.
Mama mkwe akauliza: gari la viti viwili,
mtoto utamweka wapi?
Mtoto hakuja. Gari nalo halikuja.
Tulinunua kigari cheupe cha kubebea mchele,
na marehemu Yasuji akakiosha kila Jumapili
kana kwamba ndicho nilichokiomba.

Basi nikaingia lile jekundu.
Kuingia ni kushuka; goti la kulia likanung'unika.
Usukani mwembamba kama bangili.
Gia fupi, inaingia kwa mlio wa kufuli dogo.
Harufu ya turubai, petroli,
sigara za mtu nisiyemjua.
Machozi yakanitoka, sikuyaita.
Kisha nikapapasa chini ya mlango, kama nilivyofundishwa na binamu fundi:
rangi ilikuwa imevimba. Nikaibonyeza,
ikavunjika kama kaki.
"Kutu kidogo tu," akasema Shunpei.
Kidogo! Kutu ni deni la ndugu:
halipigi hodi, linakula ukiwa umelala.

La majivu nililiendesha mpaka mtoni na kurudi.
Halikutetemeka. Halikunisimulia chochote.
Kwenye kona ya shule lilipinda kabla sijamaliza kuwaza kupinda,
na kiti kikanipasha kiuno,
palepale mkoba wa barua uliponichimba miaka yote hiyo.
Nikacheka peke yangu, paa wazi, pua imeganda.

Kipya kinyemi ingawa kidonda:
najua mtasema hivyo.
Lakini hili si jipya. Lina mkwaruzo wa geti la mtu,
lina risiti za mtu ndani ya kisanduku,
punje za mchanga wa pwani nisiyoifahamu.
Wamelitumia wengine. Sijawahi kuliota hata siku moja,
na kwa hiyo haliwezi kunidai.

"Nachukua hili," nikasema.
Shunpei akakodoa. "Lakini ulilia ndani ya lile."
"Ndiyo sababu. Lile ni la msichana mwenye helmeti.
Akija, muuzie. Mpunguzie, ana kutu ya kulipia."

Nikagonga muhuri wangu mara tatu kwenye karatasi.
Nikatoka getini taratibu, klachi bado ngeni mguuni,
na kwenye kioo nikamwona Shunpei ameingia lile jekundu,
anabonyeza kitufe cha taa ili liniage.
Jicho la kulia likafumbuka.
La kushoto likagoma katikati.

Likanikonyeza, jamani, mchana kweupe.

Nikalipigia honi. Nikakanyaga mafuta
kuelekea Omachi, njia ndefu, bila barua ya mtu yeyote,
nikasahau kabisa kuzima kiti,
nikafika natoka jasho mgongoni katikati ya theluji.