Mkanda wa Upande Mmoja

Kosa lilikuwa langu, nalikiri.
Umeme ulikatika tangu saa nne,
mvua ya masika imefunga Moshi nzima,
nami naharakisha mkanda wa kiuno
wa sketi ya Bi Ndeanasia,
mwenye ubatizo Kibosho Jumapili.
Nikaunganisha ncha na ncha bila kutazama.
Mkanda ulikuwa umejipindua, nusu tu,
nami nikaupiga sindano vivyo hivyo.

"Fumua," akasema shangazi Eliaichi
bila kuinua macho.
Kwake kila kosa lina dawa moja.
Nilishashika wembe, ila Kundaeli,
mtoto wa muuza vifungo wa jirani,
aliyekimbilia barazani petu kukwepa mvua,
akadaka chaki: "Ngoja nikutilie alama
upande wa nje, usikosee tena."

Akachora mstari katikati.
Chaki ikaenda, haikunyanyuliwa,
ikavuka mshono, ikaenda,
ikarudi palepale ilipoanzia.
Tukageuza tuone upande wa ndani.
Una chaki.
Tukageuza tena.
Chaki.

Nimelelewa nikiambiwa kila jambo lina pande mbili:
kesi ya kihamba, ndoa, noti ya elfu kumi.
Hili lilikuwa na mmoja.

"Kata kwenye mstari, zitoke pete mbili."
Hata mimi niliyepata F ya hesabu
niliona hilo halina ubishi.
Mkasi ukala, ukala, ukamaliza.
Nikakung'uta.
Pete moja!
Moja, ndefu maradufu,
ya kumzunguka shangazi na chenji ikabaki,
na shangazi si mwembamba.

Ndipo akavua miwani.
"Kitambaa kingine mmekitoa wapi?"

Hakungoja jibu. Akachomoa kitenge kwenye mabaki,
akapinda, akashona, miguu ikikimbiza cherehani,
akakata, lakini si katikati:
theluthi moja kutoka ukingoni,
kwa sababu shangazi hajawahi kuiga mtu.
Mkasi ulizunguka mara mbili
kabla ya kukutana na mwanzo wake.
Zikaanguka pete mbili, kubwa na ndogo,
zimeshikana kama mama na mtoto
katikati ya soko la Mbuyuni.
Nani aliyezifunga? Tulikuwepo. Hakuna.

Fundi viatu Temba akasema ni uchawi,
kisha akaomba akate na yeye.
Baba Kundaeli akaweka dau la soda, akaliwa,
akaweka tena, akaliwa tena,
akaanza kutushuku sote.

Hesabu niliyoijua ilikuwa na fimbo.
Ilisimama ubaoni, ikatuuliza, ikatuchapa,
nami dirishani nilihesabu mbuzi.
Hakuna aliyeninong'oneza
kwamba nayo ina utani.

Mvua ilipokata, mlima ukajitoa kidogo.
Wa Machame na wa Rombo hubishana hadi leo
upi ndio uso wake na upi kisogo.
Niliutazama, mkasi mkononi,
nikacheka peke yangu.

Bi Ndeanasia akafika na mwavuli wake,
akakuta sakafu imejaa pete
na sketi yake haina kiuno.
Nikajiandaa kutukanwa.
Akaokota mkanda, akauchunguza, kimya,
akaketi juu ya gunia la mabaki.

"Na mkiupinda mara tatu?"

Tukatazamana.
Shangazi alikuwa ameshatia uzi.