Kitako cha Bakuli

Umeitua feni juu ya meza yangu, Bi Somoe,
kwa kishindo cha mtu aliyekwisha kukata hukumu:
"Ya Mchina hiyo. Wiki mbili tu, imekufa."
Sijibu. Bisibisi kwanza, maneno baadaye.

Skrubu nne. Ya tano haikuwahi kutiwa,
tundu lake li wazi kama pengo la jino.
Ndani, waya mwembamba kuliko unywele wa kitoto,
tena si shaba, ni alumini iliyovishwa ngozi ya shaba;
naugusa, unakatika bila hata kulia.
Hapo nakubali nawe:
hii ni aibu yenye swichi tatu.

Lakini hebu tazama rafu ya chini.
Ile mota ni ya pampu ya birika la msikiti.
Imetoka huko huko.
Miaka kumi na mmoja inanyonya maji ya chumvichumvi,
na leo imeletwa kubadilishwa mpira tu.
Nilipoifungua nilinyamaza,
kama aliyefungua chumba cha wageni
akakuta kitanda kimetandikwa.
Shaba nene, nyuzi zimelala ubavu kwa ubavu.
Aliyezisokota hakuwa na haraka siku ile,
au alilipwa.

Shemeji yangu Lali amekwenda Guangzhou mara mbili.
Alinisimulia papa hapa Langoni, akila mahamri,
alivyokaa mbele ya bibi mmoja mwenye kikokotozi,
lugha yao ikawa tarakimu.
Bibi akaweka feni mezani, nzito, akaandika bei.
Lali akatikisa kichwa.
Akaweka ya pili, nyepesi kidogo.
Lali akatikisa kichwa.
Ya tatu. Ya nne.
Hata ya sita ikawa inapeperushwa na upepo wa zile tano.
"Hiyo!" akasema Lali.
"Nilimshinda yule bibi," akaniambia,
akijifuta sukari vidoleni.

Ya sita ndiyo hii, Bi Somoe.
Uliinunua dukani kwake. Ulimwambia apunguze,
naye alikuwa amekwisha kupunguza
tangu ng'ambo.

Usinikasirikie. Nami nina langu.
Kwetu Mkomani, katika kidaka cha tatu kutoka mlangoni,
kuna bakuli la buluu la mamake bibi
ambalo hata uji hatulitii.
Mgeni akija huambiwa, "La China hilo. China ya zamani!"
na mgeni hushusha sauti.
Shaabani iliyopita nililiteremsha kulipangusa
nikaligeuza, jambo nisilowahi kulifanya.
Kitakoni, chini ya ule mng'aro,
alama ya kidole gumba cha mtu.
Na samaki wa upande wa kushoto hana jicho.
Mchoraji alimruka, au njaa ilimwita,
au msimamizi alipita akasema:
hayo ni ya watu wa mbali,
yafungeni hivyo hivyo.

Tangu hapo, nikipita ufuoni maji yakipwa,
naviona vigae mchangani, vyeupe na buluu,
chumvi imevilamba mpaka ncha zimesahau kukata.
Mabakuli hayo nayo yalikuwa ya China ya zamani.
Yalivunjika, hakuna aliyeyapa kidaka.
Lililosalia moja
tukalivika heshima ya yote.

Kwa hiyo ukiniuliza ni nzuri ama mbovu,
nitakuuliza ipi, na nani aliiagiza,
na alitikisa kichwa mara ngapi.

Haya. Nimeitia waya wa mota iliyokwisha kufa,
shaba ya kweli.
Skrubu ya tano nimekupa bure.
Sikiliza, inazunguka bila kukohoa.
Mia tatu na hamsini.

Bi Somoe anafungua fundo la leso,
anaitazama feni, ananitazama mimi,
vidole vimesimama juu ya noti.

"Nipunguzie basi, fundi."