Nilikuwa Nachonga Penseli

Sema wewe, Vashti, wananiambia, wewe ndiye mwenye daftari.
Lakini mpira ule wa ova ya thelathini na nane
mimi sikuuona.
Penseli ilikatika ncha, nikainama kuichonga,
na nilipoinua uso
Bisnauth kasimama katikati ya njia,
mkono ubavuni kama aliyeumwa na nyigu,
wiketi zi wima, hazijaguswa,
na uwanja mzima unamlilia refa.

Nilichosikia ndicho nisemacho:
“Njoo!”
Kisha, “Rudi! Rudi!”
Kisha mpira kwenye mbavu,
mlio wa gunia la mpunga likibwagwa kutoka kwenye trela.

Refa wetu, Adonis, ni fundi cherehani.
Wiki nzima hupima viuno vya watu
wala hajawahi kumbana mtu suruali.
Sheria ya kriketi inasema: akiuzuia mpira kwa kusudi, atoke.
Kusudi!
Utepe upi hupima kusudi?
Moyo wa mtu ni msitu,
naye aliingia msituni humo bila panga wala tochi
akatoka kidole kikiwa juu
kabla ng'ombe wa Ramotar hajamaliza kuvuka mpaka.

Tulihitaji mikimbio kumi na mmoja.
Tulipata minne.

Usiku, dukani kwa Chung, mvua inachapa bati,
kesi ikafunguliwa upya:
mahakimu ishirini, na kila hakimu na chupa yake.
Trotman, aliyeuokota mpira akaurusha, alikula kiapo.
“Alinitazama. Ndipo akahama njia.
Mtu mwenye haraka hukimbia mnyoofu,
huyu alikata kona kama mtaro wa shamba la miwa.”
“Alikuwa anageuka!” Sewdat akapiga meza.
“Trekta lenyewe haligeuki papo kwa papo,
sembuse mtu wa miaka arobaini na sita, goti bovu?”

Chung akamwaga dhumna kaunta.
Hizi mbili wiketi. Hii, sita kwa sita, Bisnauth.
Kizibo cha soda ndicho mpira.
Kizibo kikarushwa mara tisa.
Mara tano Bisnauth alikuwa na hatia,
mara nne hana;
ilitegemea nani alikuwa anasukuma dhumna.

Ndipo mtu, simtaji, akakumbuka
kwamba Trotman anaoa mwezi ujao
na suti yake iko kwa Adonis, haijatiwa vifungo.
Kimya.
Hata mvua, nadhani, ilitega sikio.
Trotman aliinuka, akaketi, akasema
suti ile amelipia taslimu, risiti anayo,
na hapo hata waliomwamini wakaanza kumtilia shaka.

Bisnauth alikuwa pembeni na barafu ndani ya soksi.
Hakuna aliyekuwa amemuuliza.
Nikamuuliza mimi: ulikusudia?
Akaisogeza barafu mbavu nyingine, akafikiri
muda mrefu kuliko refa.
“Nilijua wiketi ziko wapi.
Nilijua Trotman ana mkono wa shabaha.
Mwili ukaenda.
Kama mwili ule ni mimi, basi.
Lakini mnaniuliza mimi?
Mimi nilikuwa nimewapa mgongo.”

Walicheka, na aliyecheka zaidi alikuwa Trotman,
na hawakuelewana, na dhumna zikarudi kazini kwake.

Daftari ninalo hapa, limelowa pembe.
Bisnauth, sitini na tisa, ametolewa: kuzuia.
Safu ya Kissoon, aliyemtupia mpira ule, niliiacha tupu;
wiketi ya namna hii haina baba.
Yote kwa penseli,
ile ile, imechongoka mpaka inatoboa karatasi.
Katibu wa ligi hutaka wino.
Jumatatu akija
nitamwambia kalamu imekauka.