Mia Tisa Thelathini na Nne

Ramani inauita kwa namba tu.
Hakuna aliyejisumbua kuupa jina,
na Lucien anasema ndiyo maana anaupenda.

Gari tuliliacha pale inapofia barabara ya wakata magogo,
tukafunga viatu vya theluji, vipana kama nyungo,
tukaanza mwendo wa bata.

Februari, Maine. Baridi ya kugandisha kope.
Njia haipo. Ipo dira, upo mgongo wa Lucien,
miaka sabini na mmoja, arobaini kati yake kwenye kiwanda cha mbao,
vidole vinane na nusu.
"Kaskazini magharibi," anasema,
na kaskazini magharibi ni ukuta wa misonobari
iliyosongamana kama waombolezaji mlangoni,
kila tawi na shehena yake
linangoja shingo yako.

Tunapokezana kutangulia: hatua hamsini mimi, hamsini yeye.
Wa mbele huzama hadi goti,
wa nyuma hujifanya hachoki.
Nahesabu. Arobaini na moja, arobaini na mbi—
ardhi ikanikana.

Chini yangu palikuwa na msonobari mdogo,
umefukiwa ukiwa wima,
umejiwekea chumba cha hewa chini ya matawi yake,
nami nimeingia bila hodi
hadi kwapani.
Kimya humo. Harufu ya utomvu.
Kiatu kimenaswa na tawi, sijui lipi.
Nilidhani nitaogopa; nikacheka.
Lucien akalala kifudifudi, akaninyoshea fimbo:
"Toka, wenyewe hawajaamka."

Kileleni hakuna cha kutazama.
Saa nne na nusu za jasho, na huoni hata ulikotoka:
miti, nyuma ya miti, miti,
na mwanga wa kijivu kama maji ya mchele.
Tukalikuta kopo limepigiliwa kwenye shina,
ndani yake daftari na kipande cha penseli,
maana wino huganda.
Wa mwisho alikuja Oktoba.
*Mvua. Sikuona kitu. Nitarudi.*
Lucien akaandika tarehe, majina yetu, kisha:
*Theluji. Nasi vilevile.*
Akapiga mguu chini, mara mbili.
"Hapa. Juu zaidi ya hapa ni ndege tu."

Kati ya vigogo, hatua mia hivi upande wa machweo,
niliiona nundu nyingine.
Chai ilikuwa bado ya moto. Sikusema.

Tuliposhuka njia ilikuwapo, tumeichimba wenyewe.
Kwenye shimo langu akasimama,
akabisha hodi hewani.

Usiku, miguu ikiwa ndani ya beseni,
niliifungua ramani tena, na miwani.
Nundu ile: mia tisa thelathini na nne.
Yetu: mia tisa thelathini na tatu.
Hata aliyepigilia kopo alikosea.

Nje imeanza kuanguka upya,
bila haraka, inafukia nyayo moja baada ya nyingine.
Kesho nikimkuta dukani
nitamuuliza habari za goti.